Ainabkoi: Pikipiki Inapotaka Kurudi Baharini

Kila pikipiki uionayo Ainabkoi ilipita kwetu kwanza. Hiyo ndiyo fikra iliyonijia niliposhuka garini katika nyanda hizo za Uasin Gishu, ubaridi ukipenya kanzu na koti pamoja. Boxer na TVS zilizopangwa pale kituoni, zilizovikwa miavuli ya plastiki, zina asili ya India. Vipuri vyake vilivuka bahari ndani ya makontena, vikashushwa Kilindini, ndipo vikapanda bara kuunganishwa na kuuzwa. Baina ya Mombasa na Eldoret ni takriban kilomita 800 kwa barabara, nayo ni safari ya kupanda takriban mwanzo hadi mwisho. Sisi wa Pwani tumezoea kuhesabu bandari kuwa ni mlango wa kuingilia. Huko juu nilimkuta kijana anayetaka kuutumia mlango huo huo kutokea, na pikipiki yake mkononi.

Ainabkoi ni jina la kituo cha reli, kisha ni jina la eneo bunge zima katika Kaunti ya Uasin Gishu, lenye wadi tatu: Ainabkoi/Olare, Kaptagat na Kapsoya. Kapsoya ni mtaa wa mji wa Eldoret, wenye nyumba zilizobanana na maduka. Kaptagat ni misitu na njia za udongo mwekundu ambako wanariadha, Eliud Kipchoge akiwa mmoja wao, hukimbia alfajiri. Ainabkoi yenyewe ni mashamba: mahindi, ngano, viazi, na ng'ombe wa maziwa waliosimama katika ukungu. Mgeni wa Pwani hujifunza upesi huko kwamba jua si dalili ya joto, na kwamba mursik hunywewa polepole.

Reli ilifika nyanda hizi katika miaka ya 1920, ikaingia Eldoret mwaka 1924. Ilipotoka Nakuru ilibidi ivuke mlima wa Timboroa, ambako njia hufikia kimo cha futi 9,136, kisha ikateremka kupitia Ainabkoi, Kipkabus na Kaptagat. Wazee wetu wengi wa Pwani waliijua njia hii kwa majina ya vituo, kwa kuwa waliitumikia reli. Mwenyeji wangu ni mmoja wao. Ni mzaliwa wa Mombasa, mstaafu wa reli, aliyeoa huko huko na kuzeekea huko. Kiswahili chake bado kina chumvi ya bahari, ila mkewe na wanawe huchanganya Kikalenjin katika kila sentensi ya tatu.

Ardhi hii imewahi kushuhudia watu waliohama na vyombo vyao. Mwaka 1908 kundi la makaburu wa Afrika Kusini, likiongozwa na Jansen van Rensburg, lilikodi meli iitwayo Windhuk kutoka Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, likaja Mombasa na magari yake ya kukokotwa na ng'ombe, farasi na mizigo ya nyumba nzima. Kutoka bandarini walipanda treni hadi Nakuru, na kutoka Nakuru wakayasukuma magari yao milimani kwa majuma mengi, wakizama topeni, hadi kufika nyanda za Uasin Gishu. Nchi waliyoikuta haikuwa tupu, ilikuwa na wenyewe, na machungu ya ardhi yaliyoanza wakati ule hayajaisha kusimuliwa. Mji wa Eldoret uliota baadaye katika shamba nambari 64, na wapo wakongwe ambao hadi leo huuita Sisibo, yaani namba hiyo kwa matamshi yao.

Basi kuhama na chombo si jambo geni hapa. Lililo geni ni upande wa safari. Kijana wa mwenyeji wangu ni muuguzi, amepata kazi Uingereza, na pikipiki yake ya sisi 150 ameipenda kama mtu apendavyo mnyama aliyemlea. Aliinunua kwa fedha za zamu za usiku pamoja na fedha za maziwa za mama yake. Alfajiri hubeba madumu ya maziwa hadi kwenye mtambo wa kupozea, mchana humpeleka baba yake zahanati, jioni hurudi na unga. Alitaka kuipeleka. Baba akasema, "Mwanangu, mimi sikukatazi, lakini tuketi tuhesabu." Nami, kwa kuwa natoka penye bandari, nikaitwa kwenye hesabu hiyo kana kwamba kila mtu wa Mombasa ni wakala wa forodha.

Tulianza na karatasi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Swali la kwanza ni nani mwenye pikipiki. Hati ya umiliki, ile wenyewe waiitayo logbuku, huandikwa jina la mnunuzi pekee akilipa taslimu. Akinunua kwa mkopo, jina la mkopeshaji huandikwa pamoja na lake, na chombo cha namna hiyo hakiondoki nchini mpaka deni limalizwe na jina la mkopeshaji liondolewe. Vijana wengi wa bodaboda wanaendesha vyombo vya mkopo, na wapo wanaosahau kuwa nusu ya usukani si yao. Baada ya hapo usajili hufutwa kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kwa sababu ya kusafirishwa nje, na wakala wa forodha huwasilisha tamko la mauzo ya nje kwa Mamlaka ya Mapato, KRA. Namba ya injini na namba ya fremu lazima zilingane na karatasi, herufi kwa herufi.

Swali la pili ni kasha. Pikipiki haifungwi kamba tu ikatiwa melini. Petroli humwagwa, betri hukatwa waya, vioo na usukani hulegezwa au kuvuliwa ili kupunguza ukubwa, kisha chombo husimamishwa juu ya fremu ya mbao na kufungwa mikanda. Meli na ndege huiweka pikipiki katika daraja la bidhaa za hatari kwa ajili ya mafuta na betri yake, kwa hiyo ni lazima itamkwe ilivyo. Anayeificha miongoni mwa vyombo vya jikoni anajitafutia faini. Ainabkoi mbao za saipresi ni tele, na fundi wa kasha hakosekani. Ila mbao zinazovuka mipaka zina sharti lake: kwa kanuni ya kimataifa ISPM 15, ubao hupashwa joto hadi kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, kisha hupigwa muhuri wa shuke la ngano, ili wadudu wa msitu mmoja wasihamie msitu mwingine. Kasha zuri lisilo na muhuri huo laweza kuzuiwa bandari ya mwisho, likateketezwa au kurudishwa kwa gharama ya mwenyewe.

Swali la tatu ni nauli. Mzigo usiojaza kontena hutozwa kwa ujazo. Kasha la urefu wa mita 2.2, upana wa mita 0.9 na kimo cha mita 1.2 lina takriban mita za ujazo 2.4, na hesabu hiyo haijali kwamba ndani yake mna hewa nyingi kuliko chuma. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Nauli ya bahari yenyewe mara nyingi huwa ndogo, na mzigo mkubwa wa gharama hukaa kwenye ncha mbili: lori la kuteremka kutoka nyanda za juu hadi Kilindini, ushuru wa bohari, wakala wa hapa na wakala wa kule, kufungua kontena, na siku za kuhifadhiwa pale karatasi zinapochelewa. Wala safari si fupi. Tangu mwisho wa mwaka 2023, meli nyingi zimekuwa zikiiepuka Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Anayeomba bei na aulize bei ya mlango hadi mlango, iliyoandikwa, tena kabla ya kasha kupigwa msumari.

Swali la nne ndilo zito kuliko yote: nchi iendwayo inasemaje? Uingereza humsamehe ushuru mhamiaji aliyeishi nje ya nchi hiyo angalau miezi 12, kwa chombo alichokimiliki na kukitumia angalau miezi 6, kwa sharti kwamba asikiuze wala kukikodisha kwa miezi 12 baada ya kufika. Ombi lake hupelekwa mapema, chombo kikifika hutangazwa ndani ya siku 14, kisha hufuata usajili, bima, na pengine ukaguzi wa kiufundi. Leseni ya Kenya humtosha mkazi mpya kwa miezi 12 tu, kisha ni mtihani. Nchi za Umoja wa Ulaya zina msamaha unaofanana na huo. Marekani ni ngumu zaidi: chombo ambacho hakikutengenezwa kwa viwango vya huko kwa kawaida hakiingii mpaka kitimize miaka 25. Canada nayo yataka miaka 15. Australia yataka kibali kabla ya kupakia, na wakaguzi wake hutafuta udongo na mbegu katika kila mkunjo. Hebu fikiri pikipiki ya Ainabkoi, yenye tope jekundu la misimu mitatu chini ya tangi lake!

Tulipomaliza, tukaziweka hesabu mbili ubavu kwa ubavu: gharama ya kuipeleka, na bei ambayo pikipiki hiyo ingeuzwa Eldoret. Ya kwanza iliipita ya pili waziwazi. Kijana akanyamaza kitambo, kisha akasema si fedha tu iliyomfanya aitake, bali hofu ya kufika ugenini pasipo na kitu kinachomjua. Hapo mama yake, aliyekuwa kimya akichochea moto, akasema, "Baba, pikipiki hiyo hata maziwa yanaijua. Ukiichukua, kesho asubuhi nani atayafikisha?" Hakuna aliyemjibu, maana fungu lake katika ununuzi lilikuwa halikuandikwa popote ila katika daftari la maziwa.

Nilizielewa khofu za nyumba ile. Katika kaunti hii kwenda ng'ambo ni jambo lenye kidonda. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret kudai fedha walizolipia mpango wa masomo ya Finland na Canada uliopitia kaunti. Wapo waliokuwa wameuza mashamba na ng'ombe. Anayeondoka leo huondoka akitazamwa na jirani aliyeuza kila kitu asiende popote.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa huu: pikipiki isiuzwe wala isipakiwe. Umiliki uhamishwe rasmi kwa mdogo wake kabla ya safari, bima iandikwe upya kwa jina lake, na fungu la mama litajwe mbele ya mashahidi na kuandikwa. Kuacha chombo barabarani kwa jina la mtu aliye ng'ambo ni kumwachia mzigo asiouona, kwani ajali ikitokea, sheria humtafuta aliye katika hati. Fedha ambazo zingelipa kasha zikawekwa kando kwa pango la mwezi wa kwanza huko aendako na koti la baridi, ingawa mtoto wa Ainabkoi, kwa haki, baridi haimtishi.

Kwa familia zetu za Pwani zenye wana Ghuba, Ulaya na Amerika, naona faida katika kikao kile kuliko katika uamuzi wenyewe. Chombo kina masikio mengi: mwenye jina, mwenye fedha, mwenye kukitegemea. Wote waketi kabla tiketi haijakatwa. Anayerudi naye ajue kwamba sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humsamehe mkazi arejeaye ushuru wa gari moja alilolimiliki na kulitumia nje kwa angalau miezi 12, muda wa safari ya meli usihesabiwe, kwa masharti mengine yanayostahili kuulizwa KRA kabla ya kupakia. Haki ya mtu huandikwa angalipo. Akishavuka bahari, karatasi ndiyo itakayomsemea.