Kajitenga au Katengwa?

Mwaka wa kwanza bumu langu lilichelewa, wenzangu wakapata. Wakitoka kwenda kula, mimi nabaki chumbani. Baada ya wiki mbili hivi korido nzima ikawa na habari moja: "Jamaa siku hizi kajitenga." Neno hilo liliniuma.

Hebu tukiangalie kitenzi "tenga". Mzizi ni uleule, viambishi ndivyo vinavyogawa lawama. Ukisema "amejitenga", maana yake kataka mwenyewe. "Ametengwa": wapo waliomtenga, hata kama hawatajwi. "Wametengana": kila mmoja kashika njia yake, ndiyo maana twasema hivyo kuhusu wanandoa.

Yangu haikuingia popote hapo. Kusema tumefarakana, lazima kwanza pawe na ugomvi, na mimi sikugombana na mtu. Kunichunia pia hapana, maana kuchunia ni makusudi, na wale walikuwa wananisalimia fresh tu. Linalobaki ni "upweke". Neno hilo halisemi nani kafanya nini, linasema tu hali ya mtu. Likizidi, wazee wanalo "ukiwa": huna hata wa kukuuliza umeshindaje.

Sasa wewe mwenzangu, ukiona jirani yako wa hosteli haonekani tena kantini, usikimbilie kumbandika hiyo "ji". Kasilabi kadogo, lakini kanamaliza kesi kabla mhusika hajasikilizwa. Mgongee, muulize kama amekula.