Barabara ya Lindi Wakati wa Masika

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Lindi, unaelekea kusini. Unapita Mkuranga, kisha Kibiti, kisha Ikwiriri. Kandokando ya barabara unaona minazi, miembe na mikorosho. Safari hii ni ya zaidi ya kilomita 400.

Ukipita Ikwiriri unaukuta Mto Rufiji. Zamani magari yalivuka mto huu kwa kivuko, pale Ndundu. Masika yakizidi, mto ulifurika na barabara iligeuka tope. Magari yalikwama siku nyingi. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa. Urefu wake ni karibu kilomita moja. Baadaye barabara yote ilitiwa lami. Siku hizi basi huondoka Dar es Salaam asubuhi na kufika Lindi siku hiyo hiyo.

Lakini lami haizuii mvua. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kulikuwa na kimbunga kilichoitwa Hidaya. Mvua kubwa zilinyesha. Maji yaliikata barabara hii katika eneo la Somanga, wilaya ya Kilwa. Mabasi na malori yalisimama pande zote mbili. Abiria walilala njiani.

Somanga inatufundisha jambo kubwa. Maji yakipita juu ya barabara, huwezi kujua kuna nini chini yake. Wewe unaona maji tu. Huenda chini lami imekwisha ondoka, na pamebaki shimo.

Tena, maji yaendayo kasi yana nguvu sana. Yakiwa na kina cha sentimita 30 tu, yaani chini ya goti la mtu mzima, yanaweza kuliinua gari dogo. Yakifika sentimita 60, yanaweza kuchukua hata gari kubwa kuliko hilo. Kwa hiyo dereva mwenye busara husimama. Hungoja maji yapungue.

Hata pasipo na mafuriko, mvua ina hatari zake. Mvua ikianza, maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani. Lami huteleza. Gari haliwezi kusimama upesi. Dereva apunguze mwendo na kuwasha taa. Asilifuate gari la mbele kwa karibu. Asikanyage breki kwa ghafla. Na asisafiri na tairi zilizolika hadi kuwa vipara.

Abiria nao wana wajibu. Wengine humhimiza dereva wakisema, "Pita tu, tunachelewa!" Hilo ni kosa. Afadhali waseme, "Dereva, simama. Tutangoja."

Wewe unayetembea kwa miguu au kwa baiskeli, vaa nguo nyeupe au ya rangi inayong'aa. Katika mvua dereva haoni mbali.

Wanakijiji wanaokaa karibu na barabara ndio wa kwanza kuona ilipokatika. Wakate matawi ya miti na kuyaweka barabarani, mbali kabla ya kufika kwenye shimo. Wafanye hivyo pande zote mbili. Kisha wampelekee habari mwenyekiti wa kijiji mara moja. Kazi hiyo ndogo inaweza kuokoa basi zima.

Lindi haihami. Usipofika leo, utafika kesho. Wazee walisema: Kawia ufike.