Reli ya Wawili, Matunzo ya Nani?

Katika nyumba yetu ya malezi tupo waseminari kadhaa tuliokulia kando ya reli ya TAZARA. Wapo wa Jimbo la Ifakara, wa Njombe na wa Mbeya. Likizo inapokaribia, wenzetu huulizana habari za mabasi, sisi huulizana, "Treni ni lini?" Kwa kijana wa Mlimba swali hilo si la starehe. Masika yakiharibu barabara za Bonde la Kilombero, treni ndiyo basi, ndiyo gari la kupeleka mchele sokoni, ndiyo njia ya kumfikisha mgonjwa Ifakara.

Kwa sababu hiyo tuliifuatilia kwa makini habari ya Septemba 2025. Mwezi huo Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya CCECC ya China wa kuifufua reli hii kwa dola za Marekani bilioni 1.4. Mkataba ni wa miaka 30: mitatu ya ukarabati na 27 ya uendeshaji. Miaka hiyo ikiisha, wengi wetu, Mungu akipenda, tutakuwa mapadre wenye mvi. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sisi na waamini tutakaotumwa kuwahudumia.

Tukumbuke tulikotoka. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta shaba yake inapita mikononi mwa watu wasioitakia mema. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitafuta msaada wa kujenga njia ya kwenda Dar es Salaam. Benki ya Dunia iliona mradi huo haulipi. China, ambayo yenyewe ilikuwa maskini wakati huo, ilikubali mwaka 1967, ikatoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa kwa wenyewe. Sehemu ya Mlimba hadi Makambako, yenye milima, mahandaki na madaraja marefu, iligharimu jasho jingi na hata uhai. Makaburi ya wataalamu wa Kichina yapo hadi leo Gongo la Mboto, na wapo pia wafanyakazi Watanzania na Wazambia waliopoteza maisha katika kazi hiyo.

Mwaka huohuo wa 1967, Papa Paulo VI alitoa waraka wake Populorum Progressio juu ya maendeleo ya watu. Humo aliyahimiza mataifa maskini yaliyo jirani yaungane na kusaidiana, yasisubiri wakubwa wawaamulie kila kitu. Tukisoma waraka ule darasani, mfano wetu hauko mbali: unapita Makambako.

Lakini kujenga ni jambo moja, kutunza ni jingine. Reli iliyopangwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka, ilifika kubeba chini ya tani 100,000 katika mwaka wa fedha 2014/15. Sababu zinajulikana: injini zilichakaa, mtaji haukutosha, malori yaliongezeka, na njia za kusini zilifunguka tena baada ya ukombozi. Hata hivyo tunaona sababu moja iliyo ndani zaidi. Reli hii inamilikiwa na nchi mbili, nusu kwa nusu. Mali ya wawili ina baraka yake, lakini ina kishawishi chake pia: kila mmoja humtazama mwenzake atoe kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sasa ukuta wenyewe ni wa dola bilioni 1.4.

Hatumlaumu mgeni anayekuja na fedha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mwenyeji hawezi kupona akimwachia mgeni nyumba yote na kwenda kulala. Mwekezaji lazima arudishe fedha zake, na kinachorudisha fedha upesi ni shaba, si mama mwenye gunia la mchele na watoto wawili. Akiachwa kwenye hesabu ya faida tu, mama huyo atakuwa wa mwisho daima. Hapo ndipo serikali zote mbili zinapotakiwa kusimama pamoja: kuhakikisha treni ya abiria inabaki kwenye ratiba, inasimama kwenye vituo vidogo, na nauli yake inalipika. Ikibidi zichangie gharama, zichangie kwa mafungu yanayolipwa kwa wakati, kila upande bila kumngoja mwenzake. Huo ndio mshikamano tunaofundishwa. Bila fungu katika bajeti unabaki kuwa maneno.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Chuma kinachong'olewa relini usiku na kuuzwa kama chakavu kimeibwa kwa jirani, awe wa Tunduma au wa Nakonde. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka huo, na wanajua kuwa ndugu habadiliki kwa kuvuka mstari. Katika jumuiya ndogondogo zilizo kando ya reli tuliseme jambo hili wazi: anayenunua vyuma hivyo anashiriki wizi.

Wazee wetu waliijenga reli hii walipokuwa na kidogo sana. Sisi tunaombwa jambo lisilo na sherehe wala utepe wa kukata: kuikagua, kuilipia na kuilinda kila mwaka, kwa miaka yote 30 na baada ya hapo.