Kabla Hujampandisha Mtoto Chomboni



Ndugu zetu wazazi, shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Kila shule zinapofungwa hapa Bujumbura mwezi wa Julai, zipo familia zetu za Buyenzi zinazofunga safari kwenda Zanzibar, baadhi kusalimia jamaa, baadhi kuwapumzisha watoto. Wengi hutuuliza ni matembezi gani ya baharini na msituni yanayofaa kwa watoto. Sisi tulichagua vibaya kwanza, kisha tukachagua vizuri. Tumeona ni vyema tuyaeleze yote mawili, ili asije mwingine akajifunza kwa gharama tuliyokaribia kuilipa.

Tulikuwa sita: sisi wawili na watoto wanne, mkubwa binti wa miaka 13 na mdogo wa miaka 5. Siku ya pili tu, tukiwa Forodhani, alitujia kijana mmoja mchangamfu, katika wale ambao Wazanzibari huwaita mapapasi. Alitusalimia kwa adabu, akatuonyesha picha za fungu la mchanga mweupe liitwalo Nakupenda, mkabala na Mji Mkongwe. Watoto wakaruka kwa furaha. Tulimuuliza swali moja tu: bei gani? Akataja, tukapatana, akapunguza, nasi tukajiona wajanja.

Kusema kweli tulikuwa na kiburi kidogo. Sisi ni watu wa Ziwa Tanganyika, maji tunayajua. Lakini ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho. Ukiuacha mchanga asubuhi, jioni utaukuta palepale. Bahari si hivyo. Kwa muda wa kiasi cha saa sita maji hutoka, na kwa kiasi cha saa sita mengine hurudi, na zile saa za katikati ndizo hupanda kwa kasi zaidi.

Tulifika funguni saa 5 asubuhi, maji yamekupwa na mchanga umetandaa mpana. Nahodha akasema anakwenda kuchukua kundi jingine, atarudi saa 7. Saa 7 ikafika, hakuna boti. Makundi mengine yakaanza kuondoka, nasi tukasema, tuswali Adhuhuri, atakuja. Tulipotoa salamu, mkeka uliokuwa mbali na maji ulikuwa umelowa ukingoni. Binti yetu akasema taratibu, asiwatishe wadogo zake, "Baba, fungu linapungua."

Boti ilikuja saa 8 na nusu. Wakati huo maji yalikuwa yakiwafikia watoto wa kati magotini, na mdogo tulikuwa tumempakata. Ndani ya boti kulikuwa na majaketi ya kuokolea maisha manne tu, yote ya watu wazima. Upepo ulikuwa umechachamaa, mawimbi yanaingia ndani, na yule kijana anatucheka kuwa wa bara tunaogopa maji. Hatukumjibu. Tulikuwa tukisoma dua tu mpaka tukakanyaga nchi kavu. Alhamdulillah.

Usiku ule watoto walilala, sisi hatukulala. Tulianza kulaumiana, mmoja akisema "wewe ndiye uliyemkubalia", mwingine "na wewe mbona ulinyamaza?" Mwisho tukakubaliana kuwa lawama ni yetu sote. Tulikumbuka yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga akidai anamtegemea Allah, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Sisi tulisoma dua ya safari vizuri sana, lakini ngamia hatukumfunga.

Siku mbili baadaye tulikwenda kusini mwa Unguja. Tulianza na msitu wa Jozani, ambao tangu 2004 ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Kwa familia yenye watoto wadogo tunausifu sana. Unatembea na mwongozaji wa hifadhi, njia ni fupi, na kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Kima punju, ambao asili yao ni kisiwa hiki cha Unguja tu, huonekana karibu. Mwongozaji aliwakataza watoto kuwagusa na kuwalisha, nao wakatii kuliko wanavyotutii sisi!

Kisha tukafika Kizimkazi, ambako watu huenda kuangalia pomboo. Tulimkuta mzee mmoja anatengeneza nyavu. Watoto wakampa shikamoo, akaitikia, nasi tukamweleza tunalotaka. Badala ya kutaja bei, akatuuliza, "Leo mwezi ngapi?"

Tukamtajia tarehe ya Julai. Akacheka. "Hiyo tarehe ya ofisini, wanangu. Ya bahari je?"

Tukaona haya. Sisi tunaohesabu mwezi wa Ramadhani kwa hamu, hatukujua kuwa siku ile ilikuwa mwezi 17. Mzee akatufahamisha kuwa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuzunguka mwezi mosi na mwezi 15, bahari huwa na bamvua: maji hupwa sana na hujaa sana, na mkondo huwa mkali. Kuzunguka mwezi 8 na mwezi 22 huwa maji mafu, na bahari hutulia kidogo. Juu ya hayo, Julai ni msimu wa kusi, na upepo huzidi nguvu kuanzia mchana. Ndipo tukatambua kuwa siku ya fungu la mchanga ilikuwa mwezi 15.

"Leo siwachukui," akasema. "Na watoto hawa, njooni mwezi 22, alfajiri, mkishaswali."

Pesa tulikuwa nazo mkononi, na yeye alizihitaji. Akazikataa. Hapo tukajua tumempata mtu wa kumwamini.

Tulirudi siku aliyosema. Majaketi yalikuwepo, hata ya mtoto wa miaka 5, na mzee alimfunga kwa mkono wake mwenyewe. Walipoonekana pomboo, alizima mashine mbali, hakuwafukuza kama boti nyingine. Tulingoja, wakapita wenyewe, watoto wakasema "SubhanAllah" bila ya kuambiwa. Adhuhuri tuliswali katika msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia.

Ndugu zetu, kwa ufupi, kabla ya kuuliza bei, ulizeni haya:

1. Majaketi ni mangapi, na ya watoto yapo? Yaoneni kwa macho na wavalisheni kabla ya kuondoka. Wazanzibari hawajasahau Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wala Julai 2012, ilipozama MV Skagit.

2. Maji yanajaa saa ngapi, na boti itabaki nasi au itaondoka?

3. Tutaswali wapi, na saa ngapi?

4. Chombo ni chetu peke yetu au tutachanganywa? Kwa wenye mabinti, boti ndogo ya familia ina stara zaidi. Na mvalisheni binti nguo nyepesi ya kuogelea yenye stara, kwani buibui likilowa humlemea.

5. Hali ikichafuka, pesa zetu zitarudi?

Akikereka kwa maswali, ondokeni, hata kama watoto watalia. Mtoto anayelia ufukweni, atanyamaza. Watoto ni amana, na amana tutaulizwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) azilinde safari zetu na zenu, nchi kavu na majini, na awarudishe watoto wetu salama. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.