Kusubiri Samaki Nduguti

Nduguti niliyoijua utotoni haikuwa makao makuu ya chochote. Ilihesabiwa ndani ya Iramba, na wakubwa wote walikaa Kiomboi. Likizo ya Juni, alizeti ikishapigwa na watu wamepumua kidogo, shangazi alikuwa akinichukua twende huko kutwa nzima. Akiulizwa anafuata nini, alijibu samaki. Maduka hakuyataja, ingawa saa nyingi za siku hiyo ziliishia madukani.

Samaki hakuwa na saa maalumu. Perege na kambare walitoka Ziwa Kitangiri, kule chini bondeni, ambako Mto Wembere unaingiza maji na Sibiti unayatoa kuyapeleka Eyasi. Wachuuzi waliwapanga kwenye matenga nyuma ya baiskeli, wakawafunika majani mabichi, wakasafiri usiku ili jua lisiwakute njiani. Kupanda ukingo wa Bonde la Ufa na mzigo ule ni kusukuma tu, hakuna kupiga pedeli. Ikitokea pancha, samaki wa asubuhi anakuwa wa saa nane mchana, na hapakuwa na wa kukuambia mchuuzi kafika wapi. Sasa mtu afanye nini? Anazunguka.

Tulianzia kwenye vitenge. Shangazi alijua sana kuulizia bei ya kitu asicho na nia ya kukinunua, na mwenye duka alimjibu kwa heshima zote huku akilijua hilo. Doti zilifunuliwa, zikasifiwa, zikakunjwa. Duka lililofuata lilinuka mafuta ya taa, sabuni ya mche na madaftari mapya, vyote kwa pamoja. Sukari ilifungwa kwenye gazeti, na mimi nilisimama kusoma gazeti lenyewe mpaka nikaambiwa nisogee. Barazani alikaa fundi cherehani, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa redio ya mji: nani kaposa, nani kauza ng'ombe mnadani, vitunguu vimeshuka bei wapi.

Tenga likionekana, maduka yalibaki na watoto tu. Shangazi alifunua shavu la samaki aone wekundu, akabonyeza ubavu, akanusa, ndipo akauliza bei. Wa kupeleka nyumbani walitiwa chumvi palepale. Wa kula siku hiyo walipikwa uani kwa rafiki yake, mama ntilie. Kambare alisuguliwa kwa majivu mpaka utelezi wote ukaisha, akakatwa vipande, akachemshwa na nyanya na kitunguu. Perege aliparwa magamba, akachanjwa ubavuni, akapakwa chumvi na limau, akaachwa kidogo. Kisha mafuta ya alizeti, yale mazito yenye rangi na harufu yake, yakapata moto sawasawa kabla samaki hajaguswa. Akitumbukizwa mapema anashika kikaango na ngozi inabaki huko. Ugali ulikuwa wa uwele. Anayemtia perege mbichi wa namna ile binzari, mimi humshuku kuwa anaficha jambo.

Mwaka 2012 Wilaya ya Mkalama ilimegwa kutoka Iramba, na Nduguti ikawa makao makuu yake. Zikaja ofisi, watumishi na mishahara ya kila mwezi. Yakafuata maduka ya mabati na saruji, ya simu, ya magodoro, na pikipiki zikawa nyingi kuliko baiskeli. Wenzangu husema wilaya ndiyo iliyoimaliza siku yetu ile. Mimi nailaumu simu. Mchuuzi anapiga angali ziwani, oda zinahesabika, pesa zinatangulia, samaki anapakiwa kwenye bodaboda akiwa tayari ana mwenyewe. Mnunuzi anatoka kwake akishaambiwa wamefika, anachukua, anaondoka. Maduka yameongezeka, wazungukaji wamepungua. Pale barazani kwa fundi pana kibanda cha wakala wa pesa: unataja namba, unapokea, unampisha mwingine.

Wala sisemi ya zamani yote yalikuwa mazuri. Samaki wengi waliharibikia njiani na hasara ilikuwa ya mchuuzi peke yake, na ziko siku shangazi alirudi na kilo ya chumvi tu. Kitangiri ni ziwa la kina kifupi, ukame ukikaza maji hurudi nyuma sana, na wakati huo sato wa Ziwa Victoria aliyelala kwenye friza ni msaada wa kweli. Shangazi mwenyewe, siku hizi miguu ikimsumbua, huagiza kwa simu kama wengine.

Lakini wewe mwenye miguu, ukipita Nduguti kiangazi usitangulize simu. Fika asubuhi, ulizia bei za vitenge, kaa barazani kwa mtu. Perege ukimpata mkaange siku hiyohiyo, maana akishalala kwenye barafu nyama yake hulegea.