Risasi iliyobaki ndani

UVIRA – Kijana mmoja wa Mulongwe alirudi kutoka milimani na bastola kiunoni, imefichwa na shati. Huko kwa Wazalendo alifundishwa kukimbia na mzigo, kutii amri, na kufungua AK-47 na kuifunga tena bila kuitazama. Bastola hakufundishwa na mtu. Aliipata tu, kama wengi mjini wanavyozipata.

Sheria ya silaha ya mwaka 1985 inamtaka raia awe na kibali. Ile ya 2023 iliunda jeshi la akiba ili vijana kama yeye waingie katika utaratibu. Yeye hana karatasi yoyote. Anasema ni kwa sababu ya wezi wa usiku, na kweli wezi wapo.

Asubuhi moja mdogo wake wa miaka 6 aliikuta chini ya mto wa kulalia. Mama, muuza ndagala wa Kalundu, aliingia kwa bahati tu.

"Haina risasi, mama. Magazini niliitoa jana."

"Ulitazama ndani, baba?"

Akaikokoa. Risasi moja ikaruka, ikaanguka mkekani. Magazini ikitoka, risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba hubaki. Ndilo somo la mwanzo kabisa popote bastola inapofundishwa. Yeye alilipata siku hiyo, mbele ya mtoto.

Mama aliifunga risasi katika kipande cha kitenge. Kijana alichukua bastola yake, na tangu hapo analala kwa rafiki, Kavimvira. Nyumbani huja mchana kula, na mama humpapasa kiunoni kwanza, pale mlangoni.