Picha Ikwishapo, Maneno Huanza

Magari ya sinema ya serikali ya kikoloni, yaliyozunguka Uganda na nchi jirani katika miaka ya 1940 na 1950, yalitundika kitambaa cheupe jioni, yakawaonyesha wazee wetu mambo ya kilimo na usafi. Aliyesema zaidi alikuwa mfasiri aliyesimama kando. Sisi wa Nsambya, mtaa wenye kambi ya polisi na jamaa kutoka pembe zote za nchi, twapendelea desturi nyingine: picha za siasa hutazamwa pamoja, kisha viti hugeuzwa duara na kila mtu husema, afande na mke wa askari sawasawa. Husemwa Kiswahili, ambacho Mwacholi, Mteso na Mlugbara hukutana ndani yake.

Jioni iliyotushughulisha kuliko zote tulitazama "The Battle of Algiers", picha ya mwaka 1966 ya Mwitalia Gillo Pontecorvo, ihusuyo Waalgeria waliopigana na utawala wa Ufaransa. Mama mmoja alisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, akatufasiria.

Wanaume walianza na kizuizi cha barabarani. Wanawake watatu wa Kialgeria, wamevaa Kizungu, wanapita na mabomu kapuni huku askari wakiwachekea. Kicheko kilienea. Lakini jirani yangu mmoja hakucheka. Alimtaja yule mtoto mkahawani, anayelamba aisikrimu asijue kilicho chini ya kiti. Hapo watu walinyamaza, maana Kabalagala si mbali nasi. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010 watu waliokusanyika pale na Kyadondo kutazama fainali ya Kombe la Dunia walilipuliwa, wakafa zaidi ya 70. Nani kati yetu hakuhesabu watoto wake usiku ule?

Kijana mmoja alitukumbusha kwamba katika picha hiyo bomu la kwanza kuangamiza nyumba za watu halikutegwa na wanawake. Lilipelekwa usiku, wakati wa amri ya kutotoka nje, na mkubwa wa polisi mwenyewe, na kizuizi kikamfungukia. Sajini mstaafu aliyekuwa kimya muda wote akasema kwamba basi vizuizi vyote viwili vilishindwa kwa kosa lilelile: askari alitazama mtu, hakutazama mzigo. Kwangu mimi neno hilo lilizidi mahubiri mengi.

Ubishi mkali ulikuwa juu ya mateso. Picha huanza na mfungwa aliyeteswa hadi akataja maficho ya wenzake, na wapo waliosema wazi kuwa njia hiyo ilifaa kazi. Mzee akawauliza mwisho wake. Wafaransa waliushika mji wa Algiers mwaka 1957. Mwaka 1962 Algeria nzima ikawatoka. Hata Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwaonyesha maofisa wake picha hiyohiyo mwezi wa Agosti 2003, majeshi yao yakiwa Iraq. Walijifunza nini, hatukupatana.

Watoto wadogo hatuwaleti, na akina mama tumelishikilia hilo. Safari ijayo ni "Lumumba" ya Raoul Peck, ya mwaka 2000. Sajini ameomba safari hiyo picha isimamishwe katikati, kwani ana la kusema kabla ya mwisho.